KANDA ILIYOOKOTWA NA KUMBUKUMBU YA KUAZIMA: Hoja Dhidi ya Wanaoililia Filamu ya Kutisha ya Zamani Katika Mitaa ya Eastlands

Umezuka mtindo wa uhakiki ambao unastahili kupingwa mapema, kabla haujaota mizizi katika tasnifu za uzamili. Ni mtindo wa kuomboleza. Kinachoombolezwa ni aina moja ya filamu za kutisha, zile zinazojidai kwamba hazikutungwa bali ziliokotwa. Mtazamaji huambiwa mwanzoni kwamba waliopiga picha wametoweka au wamekufa, na kwamba kilichosalia ni kanda yao, anayoonyeshwa sasa kama ilivyopatikana. Makala haya yataziita filamu za kanda iliyookotwa. Mfano unaotajwa kuliko yote ni "The Blair Witch Project" ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, iliyotolewa Marekani mwaka 1999. Filamu hiyo ilitimiza miaka 25 mwaka 2024, na mwaka huohuo kampuni za Lionsgate na Blumhouse zikatangaza kuwa zitatengeneza nyingine mpya chini ya jina hilo. Tangu hapo vilio vimezidi, na vimefika hadi Nairobi. Husikika katika semina, hasa vinywani mwa vijana waliolelewa Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, ambao sasa wanasoma fasihi na wangependa utoto wao uingizwe katika historia ya sanaa. Haja hiyo ni halali. Njia waliyoishika ndiyo iliyopotoka.

Hoja yao, ikielezwa kwa haki, ni kama ifuatavyo. Picha ya zamani ilikuwa mbovu, na ubovu huo ndio uliokuwa ushahidi wake. Kamera ilitikisika kwa kuwa aliyeishika alikuwa akikimbia. Sauti ilikatika kwa kuwa hapakuwa na fundi. Kitisho hakikuonekana kwa kuwa mwenye hofu ya kweli hana muda wa kuelekeza lenzi. Mtazamaji wa miaka ile, ambaye hakuwa na intaneti ya kumsuta msimulizi, aliamini. Baadaye ikaja miendelezo yenye kamera nyingi, picha angavu na maelezo marefu kuhusu asili ya kila pepo, nayo ikaiua imani hiyo. Wengine huongeza pambo la nyumbani: kwamba mtoto wa Eastlands, katika chumba kimoja chenye pazia katikati, huku stima ikiweza kupotea wakati wowote, aliamini kuliko hata mtoto wa Maryland, anakosemekana kuishi mchawi mwenyewe.

Maelezo haya yanavutia kwa sababu hayamtaabishi mtu. Teknolojia inalaumiwa, utoto unatukuzwa, na mhakiki haulizwi lolote kuhusu nchi aliyokulia. Waswahili husema mavi ya kale hayanuki. Methali hiyo ni kali, lakini hapa inafaa, kwa maana yaliyosahauliwa katika kilio hiki si mambo madogo.

Kwanza ieleweke kwamba hila ya kudai umekiokota ulichokitunga haikuzaliwa na kanda. Horace Walpole alipotoa "The Castle of Otranto" mwaka 1764 alidai kuwa ni tafsiri ya kitabu cha Kiitalia kilichochapishwa Naples mwaka 1529 na kupatikana katika maktaba ya ukoo mmoja wa Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Toleo la pili lilipotoka alikiri kuwa ametunga mwenyewe. Karibu zaidi na nyumbani, watunzi wa tendi wa pwani walizoea kuanza kwa kuagiza wino na karatasi, na wengi wao walidai kwamba kisa wanachokisimulia wamekikuta katika chuo cha Kiarabu, nao hawafanyi ila kukitia katika Kiswahili. Hakuna mwanafunzi wa ushairi anayedhani kwamba utendi uliwagusa watu kwa sababu walikosa njia ya kwenda kukitafuta chuo chenyewe. Dai la kuokota ni desturi ya fani. Hadhira huijua na huikubali, kama inavyomwitikia mtambaji anapoita "Paukwa". Anayeshikilia kwamba filamu ya mwaka 1999 ilitisha kwa kuwa iliaminiwa kuwa kweli anaidharau hadhira iliyolizoea dai hilo kwa karne kadhaa.

Kuhusu miendelezo, mambo yenyewe hayawaungi mkono waombolezaji. "Book of Shadows" ya Joe Berlinger, iliyotolewa mwaka 2000, haikuharibiwa na kamera bora. Iliiacha fani yenyewe na kusimuliwa kwa sehemu kubwa kama filamu ya kawaida. "Blair Witch" ya Adam Wingard ya mwaka 2016 iliwavisha wahusika kamera za sikioni, ikarusha droni juu ya msitu, kisha ikarudia safari ileile. Oren Peli, kwa upande wake, alipiga "Paranormal Activity" nyumbani kwake San Diego kwa kiasi cha dola 15,000, na zile sehemu zake zilizotisha watu kuliko zote zilipigwa na kamera iliyosimamishwa pembeni mwa chumba cha kulala bila kutikisika hata kidogo. Lau siri ingekuwa katika mtikisiko, filamu hiyo, iliyoenea katika kumbi mwaka 2009, isingalimwamsha mtu usingizini.

Aidha, itazamwe namna mfululizo wa "V/H/S", ulioanza mwaka 2012, ulivyoendelea. Matoleo yaliyotajwa kwa miaka ya "94", "99" na "85", ambayo yalitoka mwaka 2021, 2022 na 2023, yanarudisha kwa makusudi michirizi, rangi zilizopauka na ukungu wa kanda za enzi hizo. Ubovu umekuwa rangi inayopakwa juu ya picha safi. Mwombolezaji hudhani kwamba anapigana na soko la miendelezo, ilhali soko hilo limekwisha kumpimia kilio chake na kumuuzia tena. Hata tangazo la mwaka 2024 halikuwa na mtaji mwingine ila huo.

Hata hivyo kosa la kusoma vibaya filamu za Kimarekani lingeweza kuachiwa Wamarekani. Lililo zito ni kosa la kuisoma vibaya Eastlands.

Imani inayozungumzwa ilitengenezwa. Kabla filamu ya Myrick na Sánchez haijafika katika kumbi, palikuwa na tovuti iliyosimulia historia ya mchawi, mabango ya kutafuta vijana waliopotea, kipindi cha televisheni kilichojifanya cha uchunguzi, na waigizaji waliofichwa wasionekane hadharani. Yote hayo yalikuwa sehemu ya matini. Filamu za namna hii zilipoingia mitaa ya mashariki ya Nairobi ziliingia kama nakala zisizo halali, katika kanda na baadaye diski za River Road, bila bango, bila tovuti, mara nyingine bila hata jalada. Matini ilifika uchi. Kwa hiyo "imani" ambayo mwanafunzi wa leo anadai kuikumbuka haiwezi kuwa ile inayosimuliwa na wahakiki wa Kimarekani. Ameisoma kwao, akaivika utoto wake.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa, nalo linahusu mahali pa kutazamia. Kwa watu wengi wa Mathare, Huruma au Dandora, filamu haikuwa kitu cha kutazamwa kimya. Ilitazamwa katika vibanda vya video, kwa shilingi chache, juu ya mabenchi, na mara nyingi ikiwa na sauti ya mkalimani juu yake. Nchini Kenya jina linalojulikana kuliko yote katika kazi hiyo ni la DJ Afro. Dar es Salaam palikuwa na Lufufu, na Kampala wako wakalimani kama VJ Jingo. Fanani huyu hupunguza sauti ya filamu na kuweka yake. Huwabatiza wahusika majina mapya, huwakejeli, hutabiri yatakayowafika, hutoa maoni kuhusu bei ya unga, kisha hurudi kwenye kisa. Fasihi simulizi haikufia mjini. Ilikodi kipaza sauti. Lakini filamu ya kanda iliyookotwa hujengwa juu ya sharti moja, kwamba nje ya kanda hakuna mtu. Hakuna msimulizi, hakuna muziki, hakuna anayejua mwisho. Mkalimani akiingia humo, sharti limevunjika. Akikaa kimya, hana kazi. Si ajabu kwamba sifa za wakalimani hawa zimesimama juu ya filamu za mapigano na za Kihindi, wala si juu ya vijana watatu wanaotembea msituni wakigombana kuhusu ramani.

Filamu hizo basi zilitazamwa wapi? Zilitazamwa sebuleni, na waliokuwa na sebule, televisheni na mashine ya kuchezea diski. Eastlands si mtaa mmoja. Kaloleni ilijengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika; Buruburu ilijengwa katika miaka ya 1970 kwa tabaka la kati lililokuwa likichipuka; Dandora ilianza katika muongo huohuo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo mtu alipewa kiwanja chenye choo na bomba akajijengea mengine; na Mathare haikujengewa chochote. Sentensi isemayo kwamba "watoto wote wa Eastlands waliogopa" imetungwa juu ya kochi. Inawafuta wale waliokuwa kibandani, ambako hofu ilikabidhiwa na sauti hai na kupokewa kwa kelele na vicheko, na ambako kulikuwa na ujumi kamili unaosubiri mhakiki. Ni nani anayekusanya rekodi za wakalimani hao? Ni tasnifu ngapi zitaandikwa kuhusu msitu wa Maryland kabla ya moja kuandikwa kuhusu namna mkalimani anavyotumia kimya?

Suala la imani lenyewe linahitaji kupimwa mahali pake, yaani katika Kenya ya miaka ya 1990. Maandishi ya mwanzo ya "The Blair Witch Project" husema kwamba wanafunzi watatu walitoweka msituni Oktoba 1994 na kwamba picha zao zilipatikana mwaka mmoja baadaye. Mwaka huohuo wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ya tume hiyo haikutolewa kwa umma hadi Agosti 1999, majuma machache tu baada ya filamu kuanza kuonyeshwa kote Marekani. Hii ni sadfa, wala haifai kugeuzwa kuwa zaidi ya hivyo. Lakini mhakiki anayejua tarehe za upande mmoja na asijue za upande wa pili amechagua asichotaka kukiona.

Ripoti ya tume, ikisomwa kama matini, ni ndugu wa filamu hizo. Ilikusanya shuhuda za kafara za binadamu, ulaji wa nyama ya watu na maajabu ya kichawi, na ikadai kwamba waabudu shetani walikuwa wamejipenyeza katika taasisi mbalimbali. Shahidi wa aina hii huwa amekuwa ndani, ametoroka, na sasa anasimulia. Ukosefu wa kitu cha kushikika hauidhoofishi kauli yake. Huiimarisha, kwa kuwa huonyesha jinsi adui alivyo mjanja. Msituni pia mchawi haonekani hata mara moja, na kutoonekana kwake ndiko kunakotolewa kuwa uthibitisho wa uwezo wake. Tofauti ni kwamba filamu ilitaka tikiti, na tume ilitaka kitu kingine. Hiyo ilikuwa miaka ya mapigano ya kikabila katika Bonde la Ufa, ya masharti ya marekebisho ya uchumi, ya ada katika hospitali za umma. Serikali iliyokuwa ikidaiwa majibu kuhusu vifo vyenye wahusika ilitoa uchunguzi kuhusu muuaji asiyeweza kushtakiwa. Aliyekuwa mtoto Eastlands wakati huo aliletewa habari za waabudu shetani kutoka mimbarini, shuleni na katika matatu. Kama aliamini kanda, alikuwa amefundishwa kuamini, na mwalimu hakuwa kamera mbovu. Unguja na Pemba nako, mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, watu walilala nje makundi kwa makundi kwa kumhofia Popobawa.

Kwa hiyo kuutamani wakati ambapo watu "waliweza kuamini" si jambo jepesi. Ni kuutamani, bila kujua, wakati ambapo ushuhuda usiothibitishwa ulitosha kumwangamiza jirani. Zaidi ya hayo, si kila mtazamaji wa Nairobi aliyeona vijana wakiingia msituni wasirudi alimfikiria mchawi. Mwili wa J. M. Kariuki ulipatikana Ngong Machi 1975. Kwa mzazi aliyeikumbuka habari hiyo, msitu ulio nje ya mji ulikuwa na maana yake tayari, na maana hiyo haikuwa ya ngano.

Waombolezaji hupenda pia kuandika nasaba ya filamu hizi, na nasaba hiyo kwa kawaida huanza na "Cannibal Holocaust" ya Mwitalia Ruggero Deodato, ya mwaka 1980, inayosimulia kanda za wapiga picha waliouawa Amazon. Hapo husimama. Wangepiga hatua moja nyuma wangejikuta nyumbani. Filamu ya Deodato inawajibu na kuwaiga watengenezaji wa filamu za "ukweli wa kushtua" zilizovuma Italia katika miaka ya 1960, na miongoni mwao hapana waliovuma kuliko Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Mwaka 1966 hao walitoa "Africa Addio". Kamera yao ilipita Kenya wakati walowezi wakiondoka, ikapita Tanganyika na Kongo, na Januari 1964 ikapita angani juu ya Zanzibar, ikipiga picha za watu wakikimbizwa na za maiti zilizolala katika siku za mapinduzi. Katika Kongo picha zao zilifika karibu mno na mauaji hata Jacopetti akachunguzwa nchini mwake kwa tuhuma ya kuyashiriki, alisafishwa. Deodato naye, ndani ya filamu yake ya kubuni, aliingiza kipande cha picha halisi za watu wakiuawa, zikiwamo za kutoka Nijeria, na kukipa jina kana kwamba ni kazi ya wahusika wake.

Jambo hili halikuzingatiwa vya kutosha. Katika shina la fani inayoliliwa leo kwa ajili ya "usafi" wake kuna miili ya Waafrika, na baadhi ya miili hiyo ni ya Waswahili, iliyopigwa picha kutoka juu na watu wasiojua jina la hata mmoja wao na kuuzwa kama burudani yenye huzuni. Kauli ya "haya ni ya kweli" ilikuwa bidhaa kabla ya kuwa hila ya sanaa. Mwenye kuililia kanda iliyookotwa na awe tayari kujibu iliokotwa wapi.

Lipo tukio jingine katika historia hiyo linalostahili kutajwa. Deodato alishukiwa Italia kuwa amewaua waigizaji wake, ikambidi athibitishe kwamba wako hai. Miaka 19 baadaye, Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael Williams walitumia majina yao halisi katika "The Blair Witch Project", wakatangazwa kuwa wametoweka, na mama yake Donahue akatumiwa kadi za rambirambi. Filamu iliingiza karibu dola milioni 250. Mwaka 2024, mradi mpya ulipotangazwa, watatu hao walitoka hadharani kudai malipo wanayostahili na kushauriwa katika matumizi ya majina na sura zao. Hao ndio wahusika wa kweli wa kisa hiki: watu walio hai waliofishwa kwa ajili ya tangazo. Katika maombolezo yote yanayosikika semina hadi semina, dai lao la mshahara halipewi nafasi, pengine kwa sababu linaichafua ndoto.

Fasihi pendwa ya Kiswahili ilikwisha kuikabili hofu kwa njia nyingine. Mohamed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 kwa "Mzimu wa Watu wa Kale", kikachapishwa mwaka 1960. Maiti ya mwenye mali inakutwa mzimuni, watu wanaogopa kama walivyozoea kuogopa mahali hapo, na Bwana Msa, na kiko chake, anaonyesha taratibu kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Kitabu hicho kina udhaifu. Bwana Msa hueleza mno, na msomaji wa leo huweza kumtangulia. Lakini kinauliza swali ambalo filamu ya kanda iliyookotwa imekatazwa na fani yake kuliuliza: nani? Nani alitenda, na, kwa kanda, nani aliiokota, nani aliikatakata na kuipanga, nani aliamua ianzie hapa na kuishia pale kamera inapoanguka? Maandishi ya mwanzo husema tu kwamba picha "zilipatikana". Sarufi ya kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Mhakiki aliyefunzwa kusoma kauli ya kutendwa katika taarifa za polisi hana udhuru wa kuipita katika filamu.

Na hapo ndipo mambo ya Eastlands yanapoyaacha maombolezo nyuma kabisa. Mwishoni mwa Machi 2017 zilienea picha za video zikimwonyesha mtu mwenye nguo za kiraia, aliyetajwa kuwa polisi, akimpiga risasi kijana Eastleigh mchana, mbele ya umati. Picha zilitikisika. Hazikutikisika kwa ajili ya mtindo. Katika miaka hiyohiyo kurasa za Facebook zilitangaza picha za vijana wa mitaa hii waliodaiwa kuwa wahalifu, wengine wao wakiwa hai wakati wa kutangazwa na wafu muda mfupi baadaye. Julai 2024, katika machimbo yaliyoachwa ya Kware, Mukuru kwa Njenga, hatua chache kutoka kituo cha polisi, magunia yenye miili ya wanawake yalitolewa majini, na waliovuta kamba walikuwa wakazi wenyewe huku wengine wakipiga picha kwa simu. Hapo neno kuokota lilirudi katika maana yake ya kwanza. Waliookota walikuwa na sura, waliulizwa maswali, waliuliza maswali, na walirushiwa gesi ya machozi walipoyauliza kwa sauti.

Waombolezaji wana jibu kwa hili. Husema kwamba ni wingi wa picha hizo hasa uliowafanya watu kuwa sugu, na kwamba ndiyo maana filamu ya kutisha ya leo haiwezi kitu. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, kwani wapo walioishangilia video ya Eastleigh kama walivyoshangilia kibandani shujaa anapommaliza mkora. Lakini kushangilia si usugu. Ni usomaji, na usomaji una historia yake, wakalimani wake na maneno yake, ambayo idara ya fasihi ina zana za kuyachambua kuliko idara nyingine yoyote. Anayehitaji kujua kwa nini mauaji ya kweli hupokewa kwa msamiati wa filamu ya mapigano hatasaidiwa na nadharia inayomwambia kwamba zamani watu walikuwa na hofu safi.

Itasemwa pia kwamba picha za simu si sanaa, kwa hiyo si shughuli ya mhakiki. Picha za Jacopetti juu ya Zanzibar nazo hazikuwa sanaa kwa waliokuwamo. Zilifanywa hivyo na upangaji, na upangaji ni jambo la fani. Aprili 2025 shirika la BBC lilitoa "Blood Parliament", filamu iliyochambua picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa na watu wa kawaida siku ya Juni 25, 2024, ili kuwatambua askari waliowapiga risasi waandamanaji penye Bunge. Ni kanda iliyookotwa, yenye waokotaji wanaojitaja na wanaoeleza hatua kwa hatua jinsi walivyoipanga. Kila mbinu ambayo waombolezaji huisifu imo: mtikisiko, sauti iliyokatika, muuaji aliye ukingoni mwa fremu. Tofauti ni kwamba picha inasimamishwa, inarudishwa, na anayeonekana ukingoni anapewa jina. Filamu hiyo ilikuwa ionyeshwe Nairobi mbele ya watu. Onyesho likafutwa, na BBC ikasema kulikuwa na shinikizo kutoka kwa mamlaka. Siku chache baadaye watengenezaji filamu 4 walikamatwa jijini wakihusishwa nayo, ingawa BBC ilisema hawakushiriki kuitengeneza, kisha wakaachiliwa. Mradi mpya wa Blair Witch, kwa upande wake, haujazuiwa na mtu.